Fausto Coppi: Bingwa wa baiskeli aliyeuawa na malaria ambayo haikutambuliwa

Mwezi Desemba 1959, wanaume wawili walilala chumba kimoja huko Volta ya Juu, nchi ambayo leo inaitwa Burkina Faso, wakaumwa na mbu wale wale. Siku chache baadaye kila mmoja alirejea kwao, mmoja Ufaransa na mwingine Italia, na wote wawili wakashikwa na homa kali mwishoni mwa mwaka. Mfaransa alipimwa damu, ikaonekana kuwa ana malaria, akatibiwa kwa kwinini, akapona, na akaishi hadi mwaka 2024. Kwa Mwitaliano, malaria haikutambuliwa kwa wakati. Alifariki dunia asubuhi ya tarehe 2 Januari 1960, akiwa na umri wa miaka 40.

Mfaransa huyo alikuwa Raphaël Géminiani. Mwitaliano alikuwa Fausto Coppi, ambaye wapenzi wengi wa mchezo wa baiskeli wanamhesabu hadi leo miongoni mwa waendeshaji bora kabisa waliopata kutokea duniani. Maisha yake ni habari ya mtoto wa maskini aliyepanda hadi kilele cha mchezo wake. Kifo chake ni funzo ambalo halijazeeka, kwa kuwa hata sasa wapo wasafiri wanaotoka nchi za joto, wakifika ughaibuni hushikwa na homa, na ugonjwa wao hudhaniwa kuwa kitu kingine.

Kijana wa bucha

Angelo Fausto Coppi alizaliwa tarehe 15 Septemba 1919 katika kijiji cha Castellania, kilichopo juu ya vilima vya mkoa wa Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia. Wazazi wake, Domenico na Angiolina, walikuwa wakulima wa hali ya chini, na yeye alikuwa mtoto wa nne kati ya watano. Alikuwa mwembamba, mwenye miguu mirefu na kifua kilichotokeza, na hakuwa mtoto wa afya nzuri. Mifupa yake ilivunjika mara nyingi katika maisha yake ya mchezo, na wengi walihusisha udhaifu huo na lishe duni ya utotoni.

Shule haikumvutia. Alipokuwa kijana mdogo alikwenda kufanya kazi katika duka la nyama mjini Novi Ligure, takriban kilomita 20 kutoka kijijini kwao. Kazi yake ilikuwa kuwapelekea wateja nyama kwa baiskeli. Alipanda na kushuka vilima hivyo kila siku akiwa na mzigo, na pasipo kujua akawa anajenga miguu na mapafu yatakayokuja kuishangaza Ulaya. Ami yake mmoja aliyekuwa baharia alimsaidia fedha za kupata baiskeli ya kweli ya mashindano.

Mjini Novi Ligure aliishi mkandaji mmoja kipofu, Biagio Cavanna, aliyekuwa mashuhuri kwa kuwalea vijana wa mchezo wa baiskeli. Cavanna hakuweza kumwona kijana huyo, lakini alipoipapasa misuli yake na kuusikiliza mwendo wa moyo wake, alitambua kwamba amepata mtu wa aina yake. Tangu hapo hadi mwisho, Cavanna alibaki kuwa mshauri, mkandaji na mlezi wa Coppi.

Ushindi, vita na ufungwa

Mwaka 1940 Coppi alishiriki mashindano makubwa ya kuizunguka Italia, yaani Giro d'Italia, akiwa kijana wa miaka 20. Hakuenda pale kushinda. Aliajiriwa na timu ya Legnano ili amsaidie kiongozi wake, Gino Bartali, bingwa aliyekwisha kulitwaa taji hilo mara mbili. Bartali alianguka katika siku za mwanzo na kuumia, na yule msaidizi akachukua nafasi iliyokuwa wazi. Coppi alimaliza akiwa wa kwanza, akawa kijana kuliko wote waliowahi kushinda mashindano hayo.

Hakupata muda wa kufurahia. Mashindano yalimalizika tarehe 9 Juni 1940, na siku iliyofuata Italia ikatangaza kuingia katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Coppi akawa askari wa miguu, ingawa kwa muda aliruhusiwa kuendelea na mchezo. Mwezi Novemba 1942, katika uwanja wa Vigorelli mjini Milan, aliweka rekodi ya dunia ya kuendesha kwa saa moja kwa kukimbia zaidi ya kilomita 45. Rekodi hiyo ilidumu hadi mwaka 1956, ilipovunjwa na Mfaransa Jacques Anquetil.

Mwaka 1943 alipelekwa Afrika Kaskazini, na mwezi Aprili akatekwa na majeshi ya Uingereza nchini Tunisia. Kwa hiyo mara ya kwanza Coppi alipoijua Afrika, aliijua akiwa mateka wa vita, nyuma ya waya wa kambi. Alirejeshwa Italia kabla ya vita kumalizika, akawatumikia maofisa wa Uingereza kwa kazi ndogo ndogo huko kusini, kisha akarudi kwao kaskazini.

Miaka ya utukufu

Vita vilipokwisha, Italia ilikuwa nchi iliyobomoka. Barabara zilikuwa na mashimo, madaraja yamevunjika, na watu wana njaa. Katika hali hiyo mbio za baiskeli zikawa faraja ya taifa, na Coppi akawa nyota yake. Mwaka 1946 alishinda mbio za Milan–San Remo kwa kumwacha mtu wa pili dakika 14 nyuma. Alizishinda tena mwaka 1948 na 1949. Mbio za Lombardia alizitwaa mara tano.

Giro d'Italia aliishinda mara tano pia: 1940, 1947, 1949, 1952 na 1953. Mashindano ya kuizunguka Ufaransa, Tour de France, aliyashinda mwaka 1949 na 1952. Mwaka 1949 akawa mtu wa kwanza kushinda Giro na Tour katika mwaka mmoja, jambo ambalo wengi walidhani halimo katika uwezo wa mwili wa binadamu. Katika Giro ya mwaka huo, siku ya safari ya kutoka Cuneo hadi Pinerolo, alijitenga na wenzake akavuka milima ya Alpi peke yake kwa kilomita zaidi ya 190. Aliyemfuata, Bartali, alifika karibu dakika 12 baadaye. Katika Tour ya mwaka 1952, alimwacha mshindi wa pili kwa zaidi ya dakika 28.

Mwaka 1953, mjini Lugano nchini Uswisi, alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za barabarani. Hilo ndilo taji lile lile lililogombaniwa mjini Kigali mwezi Septemba 2025, mashindano hayo yalipofanyika katika ardhi ya Afrika kwa mara ya kwanza.

Ushindani wake na Bartali uliigawa Italia pande mbili. Bartali alikuwa mcha Mungu, mtu wa mila, aliyependwa na watu wa vijijini na wa Kanisa. Coppi alionekana kuwa mtu wa zama mpya, mkimya, mwenye kupima chakula chake na kupanga mazoezi yake kwa hesabu. Hata hivyo, wenyewe hawakuwa maadui kama mashabiki wao walivyotaka. Mwishoni mwa mwaka 1959, Bartali alikuwa anajiandaa kuiongoza timu ambayo Coppi angeichezea katika msimu wa 1960.

Majonzi nayo hayakumwacha. Mdogo wake, Serse, aliyekuwa pia mwendesha baiskeli na rafiki yake wa karibu kuliko wote, alianguka katika mashindano mjini Turin mwezi Juni 1951, akajigonga kichwa na kufariki siku hiyo hiyo. Miaka michache baadaye Coppi aliiacha nyumba yake na kuishi na Giulia Occhini, mwanamke aliyekuwa mke wa mtu. Wakati huo uzinzi ulikuwa kosa la jinai nchini Italia. Occhini alitiwa mahabusu, na mwaka 1955 wote wawili walihukumiwa, ingawa adhabu iliahirishwa. Mtoto wao wa kiume alizaliwa Argentina mwaka huo. Sehemu ya taifa iliyokuwa ikimwimba ikaanza kumnyooshea kidole.

Safari ya Ouagadougou

Kufikia mwaka 1959 Coppi alikuwa na miaka 40. Nguvu zilikuwa zimepungua, lakini jina lake lilikuwa bado kubwa. Volta ya Juu ilikuwa jamhuri yenye kujitawala kwa mambo yake ya ndani, ikielekea kupata uhuru kamili mwezi Agosti 1960, chini ya uongozi wa Maurice Yaméogo. Mwezi Desemba 1959 Coppi alialikwa huko pamoja na waendeshaji mashuhuri wa Ufaransa, wakiwamo Anquetil, Louison Bobet, Roger Hassenforder, Henry Anglade na Géminiani. Wangeshindana kirafiki na waendeshaji wenyeji mjini Ouagadougou, kisha wangekwenda kuwinda. Mapenzi ya nchi hiyo kwa baiskeli hayakufifia baada ya hapo, kwani tangu mwaka 1987 ina mashindano yake makubwa, Tour du Faso.

Mbio zilifanyika katikati ya mwezi Desemba. Baada yake wageni walikwenda porini kuwinda. Coppi na Géminiani walilala chumba kimoja, na Géminiani alieleza baadaye jinsi mbu walivyowasumbua usiku kucha. Kisha wakapanda ndege wakarejea Ulaya, kila mmoja akaingia katika shughuli za mwisho wa mwaka.

Ndege ilikuwa na sehemu yake katika mkasa huu. Mtu anapoumwa na mbu jike wa jamii ya Anofelesi mwenye vimelea vya malaria, haugui siku hiyo wala kesho yake. Vimelea huingia kwanza katika ini, vikazaliana humo kimya kimya, ndipo vikatoka na kuzishambulia chembe nyekundu za damu. Kwa aina iliyo hatari zaidi, iitwayo Plasmodium falciparum, kazi hiyo huchukua kwa kawaida siku 7 hadi 14, na wakati mwingine zaidi. Katika zama za meli, msafiri aliyeambukizwa Afrika Magharibi angeweza kuugua akiwa bado baharini, miongoni mwa watu wanaofahamu alikotoka. Msafiri wa ndege alifika nyumbani mzima, akakaa na jamaa zake, akala na kunywa, na homa ilipokuja ilimkuta katikati ya baridi ya Ulaya, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akifikiria mbu.

Homa mbili, matibabu mawili

Baada ya Krismasi, Géminiani alianguka nyumbani kwake katikati ya Ufaransa. Homa ilipanda kupita kiasi, akaanza kuweweseka na kupoteza fahamu. Mwanzoni madaktari hawakuwa na uhakika, na magonjwa mengine ya nchi za joto yalifikiriwa. Hatimaye damu yake ilipelekwa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, na jibu likaja: vimelea vya Plasmodium falciparum. Akapewa kwinini kwa wingi. Ilikuwa ni bahati ya dakika za mwisho, lakini alipona.

Katika siku hizo hizo Coppi alikuwa kitandani Novi Ligure akiwa na homa, baridi, kichefuchefu na uchovu mkubwa. Ilikuwa majira ya baridi, wakati mafua makali yanapoenea, na Ulaya ilikuwa bado haijasahau mafua ya Asia yaliyoizunguka dunia mwaka 1957. Waliomhudumia walidhani ana mafua makali yaliyogeuka kuwa homa ya mapafu, wakamtibu kwa njia hiyo, kwa dawa za kuua bakteria na kotisoni. Hali ilizidi kuwa mbaya. Jioni ya tarehe 1 Januari 1960 alipelekwa hospitali mjini Tortona akiwa hoi. Asubuhi ya siku iliyofuata, kabla ya saa 3, alikata roho.

Inasimuliwa kwamba jamaa za Géminiani, walipopata majibu ya Paris, walipiga simu Italia kueleza kwamba ugonjwa ni malaria, na kwamba Coppi naye huenda anayo. Inasimuliwa pia kwamba upande wa pili haukulitilia maanani neno hilo, ukaona kwamba kila mmoja anamjua vyema mgonjwa wake. Simulizi hiyo imerudiwa mara nyingi tangu wakati huo, na ndiyo inayowauma zaidi wapenzi wa Coppi, kwa sababu dawa ilikuwepo. Kwinini ilikuwa ikijulikana Italia kwa karne kadhaa, na klorokwini ilikuwa inapatikana pia. Kilichokosekana ni jina la ugonjwa.

Nchi iliyomsahau adui wake

Jambo la kushangaza ni kwamba hayo yalitokea Italia. Neno malaria lenyewe ni la Kiitaliano, likiwa na maana ya hewa mbaya, kwa kuwa wazee wa huko waliamini kwamba ugonjwa hutoka katika mvuke wa vinamasi. Daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, ndiye aliyeviona vimelea kwa mara ya kwanza, nchini Algeria mwaka 1880. Lakini Waitaliano walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuendeleza ugunduzi huo. Katika miaka ya 1880, Camillo Golgi wa Chuo Kikuu cha Pavia, mji usio mbali na Tortona, alionyesha kwamba vipindi vya homa hulingana na wakati vimelea vinapopasua chembe za damu. Mwaka 1898, Giovanni Battista Grassi na wenzake walithibitisha kwamba mbu wa jamii ya Anofelesi ndiye anayewaambukiza binadamu malaria, mwaka mmoja baada ya Mwingereza Ronald Ross kuona vimelea ndani ya mbu huko India. Tangu mwaka 1900 serikali ya Italia iliuza kwinini kwa wananchi kwa bei nafuu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Italia ilipuliza dawa ya kuua wadudu ya DDT katika nyumba na vinamasi, na katika miaka michache malaria ikatokomea karibu kabisa. Mwaka 1970 Shirika la Afya Duniani liliitangaza nchi hiyo kuwa haina malaria tena. Ulikuwa ushindi mkubwa, nao ulikuja na hasara ndogo ambayo haikuonekana upesi: ugonjwa ulipotoweka mitaani, ulianza kutoweka pia katika fikra za watabibu. Daktari huutafuta ule ugonjwa anaouona kila wiki. Homa katika majira ya baridi ya Piemonte ilikuwa mafua au mapafu, na swali la mahali mgonjwa alikotembelea wiki mbili kabla halikupewa uzito uliostahili.

Ni haki kusema pia kwamba malaria ya falciparum ni hodari wa kujificha. Wengi wamezoea kusikia kwamba malaria huja kwa vipindi, baridi, kisha joto, kisha jasho, kama saa inayogonga. Kwa aina hii, hasa katika siku za mwanzo, homa huweza kuwa ya mfululizo isiyo na mpango wowote. Mgonjwa akikohoa na kupumua kwa shida, hudhaniwa ana homa ya mapafu. Macho yakiwa ya manjano, hudhaniwa ana ugonjwa wa ini. Akitapika na kuharisha, husemwa amekula kitu kibaya. Hakuna daktari anayeweza kuitambua kwa hakika kwa kumtazama mgonjwa usoni au kumgusa paji. Njia ni moja: kuipima damu.

Na kipimo hicho hakikuhitaji miujiza hata mwaka 1959. Tone la damu hupakwa juu ya kioo, moja nene na jingine jembamba, likatiwa rangi ya Giemsa na kutazamwa kwa hadubini. Tone nene huonyesha kama vimelea vipo. Tone jembamba huonyesha ni vya aina gani na ni vingi kiasi gani. Fundi mzoefu hupata jibu siku hiyo hiyo. Leo kuna pia vipimo vya haraka vinavyotoa jibu katika muda wa takriban dakika 15 hadi 20. Tofauti ya maisha ya Coppi na ya Géminiani ilikuwa ndani ya tone hilo.

Uvumi baada ya mazishi

Coppi alizikwa Castellania, na watu kwa maelfu walikipanda kilima kile kumsindikiza. Italia ilimwomboleza hata pale ilipokuwa imemlaumu. Anapumzika kijijini kwao pamoja na mdogo wake Serse. Mwaka 2019, ilipotimia miaka 100 tangu kuzaliwa kwake, kijiji chenyewe kilibadilishwa jina kikaitwa Castellania Coppi.

Kifo cha mtu mkubwa huzaa uvumi. Mwanzoni mwa mwaka 2002 zilienea habari nchini Italia kwamba Coppi hakufa kwa malaria, bali alilishwa sumu huko Volta ya Juu kwa kisasi. Waendesha mashtaka wa Tortona walifungua uchunguzi, na ikazungumzwa hata habari ya kufukua kaburi. Uchunguzi ukafungwa bila kupatikana msingi wa madai hayo. Kwa kweli jibu lilikuwepo tangu mwanzo. Rafiki aliyelala naye chumba kimoja aliugua wakati ule ule, akapimwa, na vimelea vikaonekana katika damu yake. Ilikuwa rahisi zaidi kwa baadhi ya watu kuamini sumu ya siri ya Afrika kuliko kukubali kwamba ugonjwa unaotibika ulipita mbele ya macho ya watu wenye elimu.

Géminiani aliishi miaka 64 zaidi, akawa meneja maarufu wa timu za baiskeli, na akafariki mwezi Julai 2024 akiwa na umri wa miaka 99. Katika miaka yote hiyo hakuacha kumtaja rafiki yake.

Funzo kwa wasafiri wa leo

Tangu wakati huo, mafunzo ya udaktari katika nchi zisizo na malaria yameweka kanuni moja mbele: mtu yeyote mwenye homa aliyetoka nchi yenye malaria ahesabiwe kuwa na malaria mpaka vipimo vithibitishe vinginevyo, na apimwe siku hiyo hiyo bila kungoja kesho. Kipimo cha kwanza kikiwa hakionyeshi kitu, hurudiwa tena katika siku moja hadi tatu zinazofuata, kwa kuwa vimelea huweza kuwa vichache mno mwanzoni. Malaria ya falciparum hujitokeza mara nyingi ndani ya mwezi mmoja baada ya kurejea, lakini huweza kuchelewa hadi miezi kadhaa. Aina nyingine, kama vivax na ovale, huweza kujificha katika ini hata mwaka mzima au zaidi.

Kwetu sisi wa Afrika Mashariki na Kati, habari hii ina upande wake. Miongoni mwa wanaopatikana na malaria huko Ulaya, sehemu kubwa ni watu wenye asili ya Afrika waliokwenda kuwasalimu jamaa zao na kurejea. Wengi wao hawatumii dawa za kinga, kwa kuamini kwamba mtu aliyezaliwa kwenye malaria haogopi malaria. Lakini kinga hiyo haikuwa kamili tangu mwanzo, na hupungua mtu akaapo miaka mingi katika nchi ya baridi. Watoto waliozaliwa huko hawana kinga hata kidogo. Ndugu anayepanda ndege kurudi kazini ughaibuni, akishikwa na homa wiki mbili au hata miezi miwili baadaye, asingoje kuulizwa. Amwambie daktari, kabla ya jambo lolote, kwamba ametoka Afrika, taja nchi na tarehe, na aombe kupimwa malaria.

Upo pia upande wa pili wa funzo hili. Huko Italia mwaka 1960, homa ilidhaniwa kuwa mafua kwa sababu mafua ndiyo yaliyozoeleka. Huku kwetu, homa huitwa malaria hata kabla mgonjwa hajafika zahanati, kwa sababu malaria ndiyo iliyozoeleka, na mtu akanunua dawa dukani ilhali ana homa ya mapafu au homa ya matumbo. Kosa ni lile lile, ila limegeuza uso. Ndiyo maana tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limehimiza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, ndipo apewe dawa.

Fausto Coppi aliyavuka milima ya Alpi peke yake, akashinda njaa ya utotoni, vita, kambi ya mateka na kifo cha mdogo wake. Dawa ya kumponya ilikuwa ikipatikana katika nchi yake. Alihitaji tu mtu wa kumuuliza ametoka wapi, na kupima tone moja la damu yake.